Dawa ya Ukungu Ufipa: Vidokezo 12 vya Kulipia Kilichomo, Si Jina

Januari Sumbawanga mvua inanyesha usiku kucha, na asubuhi ukungu unateremka kutoka milima ya Mbizi hadi usione nyumba ya jirani. Tuko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na tangu Novemba mpaka Aprili majani hayakauki vizuri. Sisi tunavaa sweta. Viazi mviringo na nyanya za nyuma ya nyumba hazina sweta, na hapo ndipo ugonjwa tunaouita kwa jina lilelile, ukungu, unapoingia. Bustani iliyokuwa kijani Jumatatu, Jumamosi inakuwa kama imemwagiwa maji ya moto.

Kwa hiyo tunakimbilia duka la pembejeo, na kaunta inatupa mtihani. Pakti mbili zimekaa pamoja: moja ina jina ambalo kila mkulima analijua, nyingine jina lake hujawahi kulisikia na bei yake ni karibu nusu. Muuzaji anasema, "Mama, ukitaka uhakika chukua hii." Ukimuuliza ile nyingine ina nini, anajibu, "Hiyo ni ya bei ya chini." Bei ya chini si jibu la swali lako. Vidokezo hivi ni vya kukusaidia kupata jibu mwenyewe, ukiwa umesimama palepale na hela yako mkononi.

1. Hakikisha kwanza ni ukungu

Dawa ya bei mbaya na dawa ya bei nafuu zote ni hasara kama mmea unaumwa kitu kingine. Amka mapema, umande haujakauka, ugeuze jani lenye baka. Ukiona utando mweupe kama vumbi la unga kwenye ukingo wa baka, upande wa chini, huo ni ukungu wenyewe, ule unaoitwa pia bakajani chelewa. Ukiona duara ndani ya duara, kahawia, zimeanzia majani ya chini yaliyozeeka, hilo ni bakajani tangulia; linakwenda polepole na linakupa nafasi ya kujipanga.

Mmea ukinyauka ghafla huku majani bado ni ya kijani, usinunue chochote kwanza. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kiingize ncha tu kwenye glasi ya maji safi, kisha tulia dakika chache bila kuitikisa. Ikiwa uzi mweupe kama maziwa unachuruzika kutoka kwenye shina, ni mnyauko wa bakteria. Hakuna dawa ya ukungu inayoutibu, iwe ya jina kubwa au dogo. Ng'oa mmea, utoe nje ya bustani, na mahali hapo usirudishe viazi, nyanya, bilinganya wala pilipili kwa misimu kadhaa. Nimeona watu wakipiga dawa mara nne juu ya mnyauko huo. Roho inauma, kwa sababu glasi ya maji ingewaambia siku ya kwanza.

2. Geuza pakti usome maandishi madogo

Jina kubwa la mbele ni la biashara. Unachonunua kimeandikwa kwa herufi ndogo nyuma au pembeni: kiambata amilifu, yaani kile kinachofanya kazi, na kiasi chake.

Hili tunalijua tayari kwenye dawa za binadamu. Kichwa kikiuma, mmoja ataomba Panadol, mwingine ataomba parasetamo ya kawaida, na wote wawili wanameza kitu kilekile. Dawa za mimea ziko hivyohivyo. Aliyegundua kiambata hulindwa na hataza kwa takriban miaka 20; muda huo ukiisha, kiwanda kingine kinaruhusiwa kukitengeneza na kukiuza kwa jina lake. Mankozebu, ambayo kwenye lebo imeandikwa mancozeb, ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Metalaksili, ambayo lebo huandika metalaxyl, ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970. Zote mbili zimeshatoka kwenye ulinzi huo siku nyingi, na ndiyo maana duka moja linaweza kuwa na pakti nne za rangi tofauti zenye kitu kimoja ndani.

Chukua mfano tunaokutana nao sana. Ridomil Gold MZ 68 ina asilimia 4 ya metalaksili-M na asilimia 64 ya mankozebu. Ukijumlisha unapata 68. Pembeni yake kuna pakti za majina mengine zilizoandikwa 72: hizo kwa kawaida zina asilimia 8 ya metalaksili ya kawaida na asilimia 64 ileile ya mankozebu. Usidhani 72 ina nguvu kuliko 68. Metalaksili ya kawaida ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu, na nusu moja ndiyo inayofanya karibu kazi yote. Kwenye ile yenye herufi M, nusu hiyo imetengwa, kwa hiyo asilimia 4 zake zinafanya kazi ya asilimia 8 za nyingine. Juu ya jani, pakti hizi mbili ni ndugu wa baba mmoja.

3. Tofautisha ya kugusa na ya kupenya

Huu ndio uamuzi mkubwa kuliko jina. Dawa ya kugusa, kama mankozebu au dawa za shaba tunazoziita kopa, inakaa juu ya jani kama koti. Mbegu ya ukungu ikitua pale inakufa kabla ya kuingia. Lakini koti halifuniki jani lililochipua jana, na mvua kubwa inalivua. Tena dawa hii haiwezi kuufuata ugonjwa uliokwisha kuingia ndani.

Dawa ya kupenya, kama metalaksili, inaingia kwenye jani na kupanda na maji ya mmea kuelekea juu, hivyo inalinda hata chipukizi changa. Ndiyo maana ni ghali zaidi. Dithane M-45, jina ambalo wazee wetu wanalikumbuka, ni mankozebu ya asilimia 80 peke yake: ya kugusa. Anayeilinganisha bei na Ridomil analinganisha vitu viwili visivyofanana. Linganisha mankozebu na mankozebu, mchanganyiko na mchanganyiko.

Na kuna kosa moja linalokula hela za watu kimyakimya. Ukungu wa viazi na nyanya si kuvu wa kawaida, una ukoo wake wa pembeni. Dawa nzuri kabisa za kuvu wengine, kwa mfano kabendazimu, haziugusi. Muuzaji akikupa kabendazimu kwa sababu ni rahisi, umeokoa shilingi ukapoteza bustani.

4. Piga hesabu ya bomba, si ya pakti

Angalia lebo inasema gramu ngapi kwa lita 20, kisha gawanya. Huu ni mfano wa kuhesabia tu, si bei ya duka lolote. Pakti ya kwanza ni gramu 250 kwa shilingi 10,000, kipimo chake gramu 25 kwa bomba la lita 20: unapata mabomba 10, kila bomba shilingi 1,000. Pakti ya pili ni gramu 100 kwa shilingi 3,000, kipimo chake gramu 50: unapata mabomba mawili, kila bomba shilingi 1,500. Ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali.

Mara nyingi hesabu hutoka kinyume, na ile isiyo na jina inashinda kwa mbali. Lakini usikisie, hesabu. Kikokotoo kiko kwenye simu yako.

5. Jaribu unga kwenye chupa

Hapa lazima niwe mkweli kwa wenye majina makubwa: kiambata kikiwa kimoja, utengenezaji unaweza kutofautiana. Unga uliosagwa vizuri unaelea kwenye maji na kusambaa sawasawa juu ya jani. Uliosagwa vibaya unazama chini ya bomba, unaziba nozeli, na mwisho wa mstari unapuliza maji yenye rangi tu.

Kipimo chake ni rahisi. Vaa glovu, weka kijiko kidogo cha dawa kwenye chupa ya plastiki angavu yenye maji lita moja, funga, tikisa, weka chini. Subiri dakika kumi. Ukiona bado ni uji mwepesi wa rangi moja kutoka juu mpaka chini, unga huo ni mzuri. Ukiona maji yameanza kuwa angavu juu na tabaka nene limelala chini, au vibonge vinaogelea, usirudi kununua jina hilo. Maji hayo yaingize kwenye bomba uyapulize. Chupa itoboe uitupe, isirudi jikoni.

Mimi nilijaribu hivyo pakti mbili za mankozebu zilizotofautiana sana bei. Ya bei nafuu ilibaki imechanganyika vizuri kuliko mwenzake. Tangu siku hiyo nimeacha kuamini rangi ya pakti.

6. Ogopa feki, usiogope nafuu

Bei nafuu na bidhaa feki si kitu kimoja, ingawa muuzaji wa bei kubwa angependa uamini hivyo. Tena anayeghushi ana sababu ya kughushi jina linalouzika, kwa hiyo jina kubwa nalo halikupi kinga. Kinachokulinda ni macho yako.

Tafuta namba ya usajili ya Tanzania. Viuatilifu nchini vinasajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao Arusha na iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Dawa isiyo na namba hiyo iache. Sisi wa Rukwa tuko jirani na Zambia, na kupitia upande wa Kasesya au Tunduma huweza kuingia pakti zisizo na neno hata moja la Kiswahili. Inawezekana ni dawa halali huko ilikotoka, lakini ukishindwa kusoma kipimo na siku za kusubiri, hiyo si dawa yako.

Tazama tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, na kama mdomo wa pakti haujafunguliwa na kugundishwa tena. Iminye kwa vidole. Mankozebu inachukia unyevu na joto. Ikishashika mabonge imeanza kuharibika, hata kama tarehe haijafika. Na usinunue dawa ya kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni au chupa ya soda, hata muuzaji akiwa shemeji yako. Dawa iliyotolewa kwenye pakti yake imeacha jina, kipimo, tarehe na tahadhari nyuma. Mtoto akiikuta hiyo chupa, hakuna lebo ya kumwonyesha daktari.

Dai risiti. Dawa ikigoma, risiti na pakti tupu ndivyo utakavyompelekea afisa ugani.

7. Jua siku ambazo ya bei kubwa inastahili

Zipo, na si nyingi. Mvua imeshika kila siku wiki mbili, mimea inachipua kwa kasi, na umesikia bustani ya mtaa wa pili imeanza kuoza: hapo toa hela ya mchanganyiko wenye dawa ya kupenya. Tafuta asubuhi au alasiri yenye saa chache za ukavu, ili iingie kwenye jani kabla mvua haijarudi. Hata hapo, mchanganyiko wa jina dogo uliosajiliwa ni mchanganyiko.

Siku nyingine zote za msimu, mankozebu au kopa ya bei nafuu, ikipigwa mapema, inatosha. Nasisitiza mapema. Bomba la kwanza la dawa nafuu kabla ya baka la kwanza lina faida kuliko mabomba matano ya dawa ghali baada ya nusu ya jani kuungua. Jani lililokufa halifufuki kwa bei yoyote. Mwenye bajeti ndogo aitumie hiyo ndogo mwanzoni.

8. Usiuzoeshe ugonjwa

Metalaksili ilipoingia sokoni iliaminika mno. Mwaka 1980, miaka michache tu baadaye, mashamba ya viazi ya Ireland na Uholanzi yalishambuliwa na ukungu ambao dawa hiyo haikuuweza tena. Ndiyo maana siku hizi huuzwa ikiwa imechanganywa na mankozebu: moja inapenya, nyingine inamaliza waliokwepa.

Kwako nyumbani maana yake ni hii: usipige dawa ya kupenya zaidi ya mara mbili au tatu kwa msimu, na usianze kuitumia ugonjwa ukiwa umeshatapakaa. Katikati yake piga ya kugusa. Na kubadilisha jina si kubadilisha dawa! Mtu anaacha pakti ya kijani anachukua nyekundu, akidhani amebadilisha, kumbe zote ni metalaksili na mankozebu. Rudi kidokezo cha pili, soma herufi ndogo.

9. Kipimo kifuate bomba lako

Lebo nyingi huandika kwa lita 20, lakini mabomba mengi ya mgongoni mtaani ni ya lita 16. Gramu 50 kwa lita 20 ni gramu 40 kwa lita 16. Kifuniko cha soda hakipimi gramu, kwa sababu unga mmoja ni mwepesi na mwingine mzito. Nunua mara moja pakti ndogo ya gramu 50 ya dawa hiyohiyo, imimine kwenye kikombe cha plastiki, chora mstari kwa kalamu ya wino mzito pale ilipofikia. Kikombe hicho sasa ni mali ya dawa hiyo peke yake.

Korogea unga kwenye maji kidogo pembeni mpaka uwe uji, ndipo umimine kwenye bomba lenye maji nusu, ujaze, na utikise kila unapopumzika. Elekeza nozeli chini ya majani pia, huko ndiko ugonjwa unakozalia. Glovu, barakoa, mikono mirefu, na upepo uwe mgongoni kwako. Kwamba wengi wameshapiga dawa miaka mingi bila glovu si ushahidi wa usalama: Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutoendelea kuruhusu mankozebu kwa sababu ya wasiwasi juu ya afya ya uzazi na mfumo wa homoni. Sisi bado tunaitumia, basi tuitumie kwa adabu.

10. Maharage yana hesabu yake

Kwenye maharage ya bustani, kutu na madoa pembe husikia mankozebu ya bei nafuu, kwa hiyo huna sababu ya kununua mchanganyiko wa metalaksili. Ile sehemu ya kupenya unayoilipia haina kazi kwa magonjwa hayo. Chule, ule unaoacha vidonda vyeusi vilivyobonyea kwenye maganda, unasafiri ndani ya mbegu. Dawa yake ya kwanza ni kuchagua mbegu: ganda lenye kidonda lisitoe mbegu ya mwakani, hata punje zikionekana nzuri. Na usipite kwenye maharage yakiwa na umande, utausambaza kwa suruali yako.

Hapa nawakumbuka wazee wa Kifipa na matuta yao ya ntumba, nyasi zikifukiwa zioze na kuwa mbolea. Mmea ulioshiba kwenye udongo wa namna hiyo, ukapandwa kwa nafasi upepo ukapita, unahitaji mabomba machache. Hiyo ni nafuu ambayo haiko kaunta.

11. Nyasi za uani ziache

Naulizwa pia kuhusu ukoka na pasipalamu za mbele ya nyumba zikipata mabaka ya kahawia. Kuanzia Juni mpaka Septemba hiyo kwa kawaida ni kiu na baridi ya Ufipa. Mwagilia asubuhi badala ya jioni, usikate fupi mno, na subiri mvua. Hela ya dawa peleka kwenye nyanya.

12. Andika siku ya kuvuna kwenye kibao

Kila lebo ina idadi ya siku za kusubiri kati ya bomba la mwisho na kuvuna, na dawa mbili zenye kiambata kimoja zinaweza kuandika siku tofauti. Fuata ya pakti uliyopiga. Mankozebu ikivunjika, hata ikipashwa moto jikoni, hutoa kemikali nyingine isiyofaa kwa tezi ya shingo, kwa hiyo kupika hakufidii siku ulizoruka. Osha nyanya kwa maji mengi, lakini kwanza hesabu siku.

Nyumbani kwangu kuna kibao cha mbao kilichochomekwa mwanzo wa kila mstari. Nikimaliza kupiga dawa, kabla hata ya kuvua buti, naandika kwa chaki tarehe ya kwanza ya kuchuma. Watoto wanajua: tarehe haijafika, nyanya hata ikiwa nyekundu namna gani haiguswi.